Ukuta Usiofika Bati

Taarifa ya msiba ilinikuta nimejilaza mchana. Siku hizi nalala mchana kama mtoto mchanga, na sioni haya kusema. Mjukuu wangu aliniletea simu mkononi akasema, "Bibi, simu yako imelia sana." Ni simu ya tachi, wanangu walininunulia wakisema niachane na ile ya vitufe, na mpaka leo hatujazoeana. Kidole changu kimekauka. Nikiigusa haisikii, nikiigusa tena inafungua kitu nisichokiomba. Mjukuu akaipitishia kidole mara moja, ikafunguka. Ulikuwa ujumbe wa Kabula, mfupi, wa mtu aliyekesha: Mwalimu ametutoka alfajiri, mazishi kesho hapa Dutwa, njoo mdogo wangu. Nikamwambia mtoto anisomee tena, ingawa nilikuwa nimesikia vizuri. Halafu nikakaa kitandani na ile simu mapajani, nikawa naigusagusa kioo bila kusudi, inawaka, inazima, inawaka, inazima. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi katika shule za Bariadi mpaka kikanichosha, nikastaafu nimekichoka kama mtu anavyochoka mboga ya aina moja. Lakini kuna neno moja la lugha ile ambalo sikulichoka, na neno lenyewe ni hilo hilo lililomo kwenye jina la simu yangu, tachi. Aliyenifundisha ndiye huyo aliyekuwa amekufa.

Mwaka alionifundisha ni ule wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mume mmoja, chama cha msingi cha ushirika. Unapeleka mzigo wako, karani anauangalia, anasema hii safi, hii fifi ya daraja la chini, unasubiri. Mwaka ule soko likafunguliwa, na barabara ikajaa malori ya watu tusiowajua, na kila lori lilikuwa na kijana mwenye kalamu sikioni anayechanganya maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili. Tukaambiwa kampuni zinatafuta makarani wanaojua kuzungumza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miaka kadhaa nyuma, na matokeo yangu yalikuwa ya kuficha chini ya godoro. Nikaenda kupanga Dutwa kwa Mwalimu Luhende, ambaye alifungua darasa la jioni sebuleni kwake kwa watu wazima. Sikuwa na kodi ya kulipa; nilichota maji, nilipika, nilifua, na jioni nikakaa kwenye benchi la nyuma na wenzangu, vijana wa baiskeli, mshona nguo mmoja, na mama mwenye mgahawa. Wote tulikuwa na njaa ya kazi. Wengine tulikuwa na njaa tu.

Nyumba ile naijua hata leo nikifumba macho. Sebule ilikuwa na viti vya mbao vilivyovalishwa vitambaa vya kufuma, na ubao mweusi uliopakwa rangi ya masizi ya betri, na meza ambayo juu yake kulikuwa na kitu kimoja tu, kamusi kubwa ya Kiingereza iliyovuliwa jalada na kuvalishwa gunia la pamba lililoshonwa kwa mkono. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na stoo, na humo mlilala magunia ya mpunga, majembe, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa ya kukabili njaa, na harufu ya panya. Kuta za nyumba zile zetu hazikufika juu. Fundi alijenga mpaka usawa wa kichwa cha mtu mrefu na kidogo zaidi, halafu akaacha, na juu kukabaki uwazi mpaka kwenye bati. Ilikuwa ni kubana matofali. Kwa hiyo mtu akikohoa chumbani, sebuleni unasema pole. Mke na mume wakigombana, mgeni anageuka kiziwi kwa adabu. Siri ya nyumba ile ilikuwa kwamba haina siri.

Kabula, mke wa Mwalimu, alijifungua mwaka huo huo, mtoto wa kike, na mama yake akaja kutoka upande wa Mwandoya kumwangalia mzazi. Ndiye Mayu Limi; mayu kwetu ni mama. Alikuwa mwembamba, mrefu, mkavu, mwenye kicheko cha ghafla kinachokatika katikati kama alikumbuka jambo. Sasa, mtu wa kwetu akisikia kwamba mama mkwe amekuja kukaa kwa mkwilima wake, yaani kwa mume wa binti yake, anajua mara moja shughuli iliyopo. Wawili hao hawagusani. Hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwingine apite. Si chuki, jamani. Watoto wa siku hizi nikiwaeleza wanadhani ni chuki. Ni heshima, na heshima ile ni nzito kuliko mapenzi mengi niliyoyaona. Mayu Limi alilala jikoni, jengo la nje, na asubuhi Mwalimu alisimama nyuma ya kona ya nyumba, akatazama mnazi usiokuwepo, akasema, "Mwangaluka, Mayu." Naye Mayu akiwa amempa mgongo akaitika, "Mwangaluka, baba," akiliambia sufuria. Basi. Salamu imekwisha, kila mtu na siku yake.

Lakini jioni darasa lilipoanza Mayu Limi aliingia stoo. Alisema anabangua karanga. Karanga zile hazikuisha miezi yote aliyokaa, na sidhani zilikuwa nyingi kiasi hicho. Alikaa juu ya gunia la mpunga, mgongo kwenye ukuta, na sisi tukiwa upande huu tulisikia maganda yakivunjika, kwa, kwa, na sauti ya Mwalimu ilipopanda maganda yalinyamaza. Mwalimu alijua. Sote tulijua. Nilianza kuona kwamba Mwalimu, ambaye mwanzo alisimama ubaoni, sasa anasimama karibu na ule ukuta, na anatupa sauti juu, kwenye uwazi wa bati, kana kwamba wanafunzi wake wapo darini.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa ya ajabu. Hakutaka tukariri orodha. Alichukua neno moja, dogo, la kila siku, akakaa nalo mpaka tulizoee. "Neno ni kama ng'ombe," alisema, "ukimjua mmoja vizuri, mama yake, maziwa yake, ukorofi wake, ng'ombe wote hawatakusumbua." Neno alilokaa nalo kuliko yote ni touch. Kwanza akasema ni kugusa, na sisi tukaandika kugusa, tukadhani tumemaliza. Kesho yake akasema, mpishi wa kizungu akitia chumvi kidogo sana kwenye mchuzi, kile kidogo pia ni tachi. Mama wa mgahawa akacheka, akasema basi yeye mteja wake wa mwisho wa mwezi anamtilia nyama ya tachi. Siku nyingine akasema mtu akilia kwa habari ya mwenzake ameguswa, na hapo Waingereza na Waswahili tuko sawa. Siku nyingine, mpira ukitoka pembeni, mstari ule una jina hilo hilo. Halafu akatufundisha kumalizia barua kwa maneno yale wanayosema wakiachana, kwamba tusipoteane, tubaki tumegusana, hata kama mmoja yuko Mwanza na mwingine Ulaya. Mshona nguo akauliza, "Mwalimu, wanagusanaje na mmoja yuko Ulaya?" Mwalimu akatazama ukuta, akasema, "Wako watu wanagusana hivyo kila siku, Masunga. Hata hapa Dutwa." Upande wa pili maganda yalikuwa kimya.

Mayu Limi hakuniacha nilale. Jikoni, tukila ugali wa mtama na mlenda, au matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando usiku wa mvua, alinihoji kwa Kisukuma, "Lile neno analolirudia, leo limezaa nini?" Nikamweleza. Akatafuna, akafikiri. Aliposikia lile la chumvi akasema wazungu wana akili, maana chumvi kidogo haionekani lakini ukiikosa unaiita. Aliposikia lile la kubaki mmegusana bila kugusana, alikata kile kicheko chake, akasema, "Hao wametuibia." Halafu akanituma kwa Mwalimu, ambaye kinywani mwake alikuwa mwenye nyumba tu. "Kamuulize mwenye nyumba, neno hilo limezaliwa wapi? Usiseme ni mimi." Nikaenda, nikauliza kama swali langu, na Mwalimu bila kunitazama akasema, "Mwambie aliyeuliza asubiri kesho." Kesho yake akaja darasani amenyoa ndevu. Akafungua kamusi, akasema neno lile Waingereza walilichukua kwa Wafaransa wa kale, na Wafaransa walilichukua kwenye Kilatini cha mitaani, na huko mwanzoni, inadhaniwa, halikuwa kugusa hata kidogo. Lilikuwa kugonga. Kugonga kama mtu agongavyo kengele, au mlango. Na pengine neno lenyewe ni ule mlio tu. Akakunja kidole, akagonga ukuta wa stoo kwa kifundo, tok, tok. "Kwa hiyo," akasema akielekea batini, "kabla watu hawajajifunza kugusana, walibisha hodi kwanza. Hiyo ndiyo asili yake." Nilikuwa karibu na ukuta kuliko wenzangu. Nilisikia, polepole sana, upande wa pili, kifundo cha kidole kikijibu. Tok. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na ningesema nimesikia nini?

Ndiyo maana nasema mwaka ule nilishuhudia watu wawili wanaopendana kama mama na mwana bila kuonana uso. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimekaa vikao vya harusi vya watu wanaokumbatiana mbele ya kamera. Sijaona tena.

Msimu wa kuuza ulipopamba moto, kijiji kilibaki cha wanawake na mbwa. Wanaume wote walikuwa na baiskeli zao kwenye vituo vya kununulia, maana bei ilikuwa inabadilika kabla jua halijasogea, na kila mtu alisikia kwamba kampuni ya kijiji cha jirani inatoa zaidi. Asubuhi moja Mayu Limi alikwenda kwenye lundo la kuni nyuma ya jikoni. Nilikuwa nakoroga uji wa mzazi. Nilimsikia akisema, "Ee," neno hilo tu, kama mtu aliyeitwa. Nilipotoka alikuwa amekaa chini, amenyoosha mguu, na kifutu mnene kama mkono wangu kinajivuta taratibu kuingia kwenye kuni bila haraka yoyote. Kabula akatoka na mtoto kifuani, akapiga yowe. Tukaweka jiwe la nyoka, likang'ang'ania kidogo, likadondoka. Mguu ulianza kuvimba tunauona. Dawa ya kweli ilikuwa hospitali ya Bariadi, na kati yetu na Bariadi kulikuwa na barabara ndefu ya vumbi.

Zamani mgonjwa wa Dutwa alipandishwa lori la chama. Lilikuwa bovu, lilikuwa la polepole, lakini lilikuwa letu, na dereva alimjua kila mtu kwa jina la bibi yake. Mwaka ule lori la chama lilikuwa limeegeshwa juu ya mawe mbele ya ghala, limevuliwa matairi, na kuku wanatagia kwenye kiti. Basi la asubuhi lilishapita. Mwalimu akatoa baiskeli yake ya Kichina yenye keria pana, akaisimamisha uani, akatupa mgongo, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulimpandisha Mayu kwenye keria mimi na Kabula. Kabula akamwambia, "Mayu, mshike kiunoni, usije ukaanguka." Mayu Limi akashika chuma cha chini ya kiti. "Simshiki," akasema. "Mayu, utakufa!" "Kufa kila mtu anakufa. Minza, mwambie mwenye nyumba asukume. Mimi nitakaa." Nikamwambia Mwalimu, aliyekuwa hatua mbili mbele yangu na aliyesikia kila neno, kwamba Mayu anasema asukume. Akasukuma.

Sijui kama naweza kueleza uchovu wa njia ile. Mwalimu mbele, amekaza shingo, anasukuma na kutazama gurudumu. Mimi nyuma, nimemshika Mayu mabega. Yeye katikati, ameshika chuma, mguu unaning'inia, umekuwa kama kibuyu. Kama Mwalimu angepanda na Mayu angemshika kiuno, wangekuwa wameshafika nusu, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Malori ya kampuni yalitupita. Nilipunga mkono mpaka kwapa likauma. Moja lilisimama, utingo akachungulia, akatazama mguu, akasema, "Dada, tumejaza mpaka juu, na tajiri anatusubiri," wakaondoka, na vipande vya pamba vikatuangukia kichwani. Pamba ile niliiokota kwenye nywele za Mayu. Nilikuwa na hasira, si na utingo, maskini, naye ameajiriwa. Nilikuwa na hasira na adabu. Niliuona mguu ule nikasema moyoni, heshima gani hii inayopanda na sumu?

Tulipofika kwenye mteremko wa kijito, kijito chenyewe kikiwa mchanga mtupu, baiskeli ilizama, Mayu akateleza. Mkono wangu ukabaki na kanga. Alianguka kwa upande, taratibu, na Mwalimu akaiachia baiskeli, akageuka kumdaka. Akageuka, nasema. Kwa mara ya kwanza akamtazama. Na mikono yake ikafika karibu na mabega ya yule mama, ikasimama hapo hapo hewani, imefunguliwa, haishuki, hairudi. Mwanaume mtu mzima, mwalimu, machozi yanamtoka, mikono hewani. Nikapiga kelele, "Mwalimu, mshike!" Hakushika. Angeweza, na hakuna ambaye angemhukumu isipokuwa huyo huyo aliyelala mchangani. Nikamwinua peke yangu nikamkalisha. Alikuwa anatoka jasho baridi, midomo imekuwa ya majivu. Akaitazama ile mikono muda mrefu. Nadhani ndipo alipoona kwamba huyu mtu atakaa hivyo mpaka afe, na hataigusa heshima yake bila ruhusa.

"Mwambie ageuke," akasema. Mwalimu alikuwa ameshageuka, amechuchumaa, mgongo kwetu. Mayu Limi akajivuta kwa makalio mpaka karibu naye. Akanyanyua mkono, akakunja kidole, akamgonga mgongoni kwa kifundo, katikati ya mabega. Tok, tok.

"Hodi, mkwilima," akasema. Moja kwa moja, kwa mdomo wake, bila kupitia kwangu.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Karibu, Mayu," akasema. "Karibu ndani."

Nikavua kanga yangu ya pili. Nikawafunga pamoja, kifua kwa mgongo, kama mtoto anavyofungwa, nikakaza fundo tumboni kwa Mwalimu. Mayu akalaza shavu lake kwenye shati lake, akafumba macho. Mikono yake ikamzunguka kiuno. Mwalimu akapanda baiskeli, akayumba, akashika njia, na nikawaona wakipanda mwinuko wa upande wa pili kama mtu mmoja mwenye mzigo. Mimi nikabaki na vumbi, nikaanza kutembea. Nilitembea nalia, nilitembea nacheka, mpaka vyote vikaisha nikawa natembea tu.

Nilifika hospitali jua likizama. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Mgongo wa shati lake ulikuwa na doa la jasho la yule mama, limekauka, na alikuwa amekaa mbele kidogo ili lisiguse ukuta. "Amepata dawa," akasema. "Atapona." Nikamwambia aingie akamwone. Akatikisa kichwa. "Ingia wewe. Umsalimie." Niliingia. Mayu Limi alifumbua macho, akauliza, "Mwenye nyumba amekula?" Ndipo nikajua. Mwenye nyumba tena. Ukuta ulikuwa umesharudi mahali pake, na safari hii ulifika bati.

Alipona. Alipoteza vidole viwili vya mguu na akabaki na kovu kama ramani. Kutoka wodini hakurudi Dutwa. Kaka yake alikuja kumchukua kwenda Mwandoya, na karanga zake zikabaki stoo zimebanguliwa nusu. Sasa hapa ndipo watu wa kwetu tunapojikwaa, na mtu wa nje anaweza kucheka. Jambo kama lile lina dawa yake. Mkwilima anatuma mshenga, wazee wanakaa, panaletwa mbuzi na pombe kidogo, maneno yanasemwa, watu wanarudi kwenye heshima yao ya kawaida kama maji kwenye mtungi. Mwalimu hakutuma. Nilimuuliza. Akaniambia, "Minza, nikituma mshenga kuomba radhi nitakuwa nasema alichofanya Mayu ni kosa. Yeye ndiye aliyebisha hodi. Nitamwaibishaje mama aliyenifungulia?" Kwa hiyo akanyamaza, kwa heshima. Mwezi uliofuata nikaenda Mwandoya, nikamkuta Mayu amekaa na mguu wake, nikamweleza. Akasema, "Najua moyo wake. Lakini asipotuma, mimi nitaingiaje kwake? Watasema nimezoea. Na nikianza mimi, nitamwonyesha kuwa hajui mila. Mwache." Naye akanyamaza, kwa heshima. Nikarudi Dutwa na majibu yao mawili. Nikawaambia kila mmoja la mwenzake, waziwazi, kwa herufi kubwa. Kila mmoja akafurahi kusikia jinsi mwenzake anavyomheshimu, na hakuna aliyesogea.

Darasa likaendelea mpaka msimu ukaisha. Mwalimu akarudi kusimama ubaoni. Akafundisha maneno mengine, ya mizani, ya usafirishaji, ya mkataba, na watu wakapata kazi, na baadhi ya kampuni zikafungasha virago mwaka uliofuata na watu wakapoteza kazi. Mimi nilipata ualimu baadaye, kwa mlango wa nyuma na jasho. Na miaka yote hiyo, nikienda Mwandoya, Mwalimu alinipa sukari, sabuni, kitenge. "Mpe Mayu. Usiseme sana." Nikirudi, Mayu alisema wabeja, ndiyo asante ya kwetu, akanipa karanga. Zimebanguliwa. "Mpe mwenye nyumba." Walizeeka hivyo. Nilikuwa stoo yao, sebule yao na uwazi wao wa juu. Wakati mwingine nikiwa kwenye basi na mfuko wa karanga mapajani, nilichoka nao wote wawili, nikatamani kuzitupa dirishani. Sikuzitupa.

Basi nikaenda Dutwa kwenye mazishi. Siku hizi ni lami, unafika kabla hujamaliza kufikiri. Turubai, viti vya plastiki, spika inayokoroma, mwimbishaji wa kwaya anayewahimiza wenzake. Kabula alinikumbatia, akaniambia sikioni, "Mayu amekuja." Sikuamini. Amekuwa mzee wa kubebwa. Ni mdogo, kama ameanza kurudi alikotoka, na macho hayaoni vizuri. Alikuwa amekaa kwenye mkeka jikoni, jengo lile lile la nje. Nikapiga magoti. "Mwadila, Mayu." Akanipapasa uso, pua, masikio. "Minza," akasema. "Umenenepa. Nipeleke."

Jeneza lilikuwa sebuleni, limefungwa, watu walishaaga. Wanawake waliokuwa wamekaa chini walinyanyua vichwa, na mzee mmoja wa ukoo wa Mwalimu akasema, "Mayu, si desturi mama mkwe kumsogelea." Mayu Limi aliniegemea mkono, akaburuta ule mguu, tukapita kati ya magoti ya watu mpaka kwenye mbao. Nilidhani atalia. Nilidhani ataligusa kwa kiganja kama wote walivyofanya. Akakunja kidole chake kilichopinda, akagonga kwa kifundo, tok, tok.

"Hodi, mkwilima."

Spika ya nje, sijui nani aliizima. Akangoja, ameinamisha sikio. Akagonga tena. "Hodi." Sauti ilikuwa ya mtu anayejua kuna watu ndani. Akangoja tena, na Kabula akaanza kulia kwa kwikwi. Akagonga mara ya tatu, polepole, na safari hiyo akanong'ona, "Hodi, mwanangu. Wabeja."

Kwetu, mtu akibisha hodi tatu asiitikiwe, haruhusiwi kubaki mlangoni. Mayu Limi alisimama kidogo, akavuta kanga yake begani. Kisha akanishika mkono.

"Twende, Minza," akasema. "Mwenye nyumba ametoka."